Ambalensi ya vita iliyokataa kufa

SEHEMU YA 1

Presha na sukari tutarudi nazo Jumatano, leo mnisamehe. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala saa nne tu, nimeamka na jambo moja kichwani, na nisipoliandika sitalala tena.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kwamba nikishavua sare nina ugonjwa wa pili: historia ya vitu vya hospitali. Tumeshaongea habari za sindano, tumeongea habari za kitanda cha wodini. Leo ni habari za gari la wagonjwa. Tena gari lenyewe lina miaka zaidi ya 80, lilizaliwa vitani, na mpaka leo wapo watu Uingereza wanaotumia Jumamosi zao zote kulifufua na kuliendesha. Hawalipwi hata senti. Ni mapenzi tu.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi magari, kwa hiyo nimekulia kwenye harufu ya grisi kabla sijaijua harufu ya spiriti. Nikiona video ya mzee anafungua injini ya mwaka 1942 siwezi kupita. Lakini safari hii sikuangalia kwa burudani tu. Mpaka sehemu ya 7 utanielewa. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Kabla ya gari kulikuwa na bega

Neno machela tunalitumia kila siku wodini, "leteni machela", wala hatujiulizi. Zamani machela ilikuwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, mtu mmoja mbele, mwingine nyuma, mgonjwa katikati ananing'inia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa kwenye ardhi yetu, 1914 hadi 1918, mizigo ya majeshi ilibebwa hivyo hivyo, kwa mabega na vichwa. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, magari yalikuwa machache, barabara hakuna. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Ukiwa Dar es Salaam leo ukashuka Kariakoo kununua vitenge, umekanyaga jina la kikosi hicho; Nairobi nao wana Kariokor yao. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Sisi manesi tunajua maana yake: hao ni watu ambao wengi wangeweza kupona.

Nimeanza huku makusudi. Ukitaka kujua thamani ya gari la wagonjwa, anza na siku ambazo halikuwepo.

SEHEMU YA 3: Gari lenyewe

Linaitwa Austin K2/Y. Askari walilipa jina la mapenzi, Katy. Lilitengenezwa na kiwanda cha Austin pale Longbridge, Birmingham, kuanzia 1940 mpaka 1945, na yalitoka zaidi ya 13,000. Chini ni lori la kawaida la kiraia lililotiwa mambo ya jeshi: injini ya petroli ya silinda 6, ujazo wa lita 3.5 hivi, nguvu ya farasi 60, gia 4, mwendo wa juu karibu kilomita 80 kwa saa. Ukilinganisha na magari ya leo utacheka. Usicheke kwanza.

Njoo nyuma, maana nyuma ndiko kwetu. Chumba cha wagonjwa kilisanifiwa na kitengo cha tiba cha jeshi lenyewe, na kampuni ya Mann Egerton ikakijenga. Kilibeba machela 4, mbili juu na mbili chini, au wagonjwa 10 waliokaa. Urefu wake ndani ni karibu mita 2.6, upana mita 2, na kimo mita 1.7.

Soma hiyo ya mwisho tena: mita 1.7. Mimi nina mita 1.6. Maana yake ningesimama wima ndani ya lile gari, nikaning'iniza dripu, nikapima mapigo, nikambadilishia mgonjwa bandeji. Sasa wewe nesi mwenzangu unayesoma hapa, mara ya mwisho umesindikiza rufaa, ulisimama? Ulipiga magoti. Au ulikaa kwenye kibenchi umeinama, mkono mmoja kwenye dripu, mwingine umeshika chuma usianguke. Mwaka 1940, mabomu yanaanguka, kuna mtu alikaa na karatasi akafikiria kimo cha mhudumu.

Na kule mbele kwa dereva je? Hakuna milango! Ni uwazi mtupu na pazia la turubai. Mvua ya upepo ilimkuta, baridi ilimkuta. Nyuma milango miwili mizuri inafunga, na kimlango kidogo cha kupita kutoka kwa dereva kuingia kwa wagonjwa. Yaani ukiliangalia tu lile gari unajua lilijengwa kwa ajili ya nani. Aliyenyeshewa ni dereva, na mgonjwa alibaki mkavu.

SEHEMU YA 4: Mabinti na spana

Gari hili liliendeshwa sana na wanawake. Uingereza ilikuwa na jeshi la akina mama lililoitwa ATS. Mabinti walifundishwa kuendesha, na pia kutunza: kubadilisha tairi, kusafisha plagi, kuangalia oili. Mmoja wao alijiunga Februari 1945 akiwa na miaka 18. Picha zake zipo mpaka leo, amevaa ovaroli, nyuma yake imesimama Katy. Jina lake Elizabeth, binti wa mfalme. Miaka 7 baadaye, Februari 1952, akiwa ziarani Kenya upande wa Nyeri, baba yake alifariki Sandringham, Uingereza, na yeye akawa malkia palepale, kwenye ardhi ya Afrika Mashariki.

Sisemi haya kumsifu malkia, kila mtu na mfalme wake. Nasema hivi: hata binti wa mfalme alipopewa lile gari, alifundishwa kwanza kulitunza. Jeshi lao lilikuwa na utaratibu mzuri sana. Dereva alipewa kazi ndogo ndogo za matunzo kwa zamu, leo betri, kesho matairi, keshokutwa grisi, mpaka gari zima linaisha, halafu anaanza upya. Hakusubiri liharibike.

Lipo na kwenye sinema. Mwaka 1958 Waingereza walitoa filamu inaitwa Ice Cold in Alex, kikosi kidogo chenye manesi wawili kinakimbia na Katy jangwani, mwaka 1942, kwenda Alexandria. Kuna mahali gari linagoma kupanda kilima cha mchanga. Wanachofanya ni ufundi wa kweli kabisa, hata baba angeukubali. Wanang'oa plagi ili injini isiwe na mgandamizo, wanatia rivasi, maana ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote, kisha wanazungusha hendeli kwa mkono. Injini ikizunguka, magurudumu nayo yanazunguka, kidogo kidogo. Gari linapanda kilima kinyumenyume kwa nguvu ya mikono.

Lakini tusidanganyane, Katy lilikuwa na udhaifu. Magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayosukuma. Kwenye tope zito halina ujanja. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, kule wazee wetu walikokuita Bama, wanapigana kwenye milima na mvua ya masika ya kule. Huko gari la namna hii lisingefika. Majeruhi walirudi kwenye mabega, kama Kariakoo ya babu zao, mpaka pale barabara ilipoanza.

SEHEMU YA 5: Vita ikaisha, vyuma vikabaki

Mwaka 1945 dunia ikajikuta na milima ya magari ya jeshi. Mengine yaliuzwa kwa raia, mengine yakaenda majeshi ya nchi nyingine, mengi yakakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Na sisi huku tulionja. Mnakumbuka stori ya mashamba ya karanga ya Waingereza, kuanzia 1947, pale Kongwa, Urambo na Nachingwea? Mitambo mingi waliyoleta ilikuwa mabaki ya vita. Kulikuwa hata na matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick. Mradi ukafa 1951. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba, na mashine zilizochoka zilikuwa zinakufa kuliko zinavyotengenezwa. Mashine haikuwa tatizo pekee, lakini huwezi kuendesha shamba kwa vyuma ambavyo kila asubuhi nusu vimelala.

Katy yaliyobaki Uingereza yaligeuzwa kila kitu: gari la mizigo, banda la kuku, nyumba ya kulala shambani. Ndiko mafundi wa Jumamosi wanakoyakuta leo. Nyasi zimeota mpaka dirishani.

SEHEMU YA 6: Kulifufua

Hapa ndipo naona uuguzi mtupu. Nikueleze wanavyofanya.

Kwanza, hawapigi stata. Gari limelala miaka 40, ukilazimisha injini unaivunja. Wanang'oa plagi, wanamimina oili nyepesi kwenye kila silinda, wanaacha siku kadhaa, halafu wanazungusha kwa hendeli polepole, wakisikiliza kwa mkono. Sisi tunamwita huyo mgonjwa aliyelala muda mrefu: humnyanyui ghafla ukamsimamisha.

Pili, mbao. Mifupa ya chumba cha nyuma ni ya mbao, na juu yake kuna ganda la nje. Ukiangalia nje unaona kasoro ndogo tu. Ukibandua ganda, ubao wote umeoza. Nesi yeyote aliyewahi kusafisha kidonda cha kulalia anajua ninachosema, juu kitundu cha kidole, ndani pango. Na dawa ni ileile: unatoa kilichokufa chote mpaka ufike kwenye kilicho hai. Ukifunika kwa rangi umejidanganya mwenyewe. Kila ubao mbovu unapimwa kabla ya kutolewa, maana kipande kilichooza ndiyo ramani ya kipande kipya.

Tatu, rangi. Hawakwangui kwa haraka. Wanapiga msasa laini wa maji, tabaka baada ya tabaka. Inatoka rangi ya mkulima, inatoka rangi ya mwenye mabanda, chini kabisa inatoka rangi ya jeshi. Hapo wanapunguza mwendo, maana kuna namba. Magari ya jeshi la Uingereza yalikuwa na herufi mbele ya namba, L ni lori, na A ni ambalensi. Siku ile A inapotokea chini ya msasa, wazee wazima wanaweka chini kikombe cha chai. Gari limetaja jina lake.

Kama wewe ni fundi unasoma hapa, nisikilize kama sista wako. Rangi za zamani zina madini ya risasi, na breki za zamani zina asbesto. Vumbi lake usilipulize kwa mdomo, usilipigie kompresa, usile chakula hapo. Lowesha kwanza, vaa barakoa inayofaa, nguo za kazi usizipeleke nyumbani kwa watoto. Asbesto haikuui leo. Inakusubiri miaka 20, 30, halafu inakuja kifuani.

Na kuna jambo lingine zuri wanalofundisha wale wazee. Ule msalaba mwekundu ubavuni kwa gari si pambo. Tangu Mkataba wa Geneva wa 1864 ni alama ya ulinzi: huyu usimpige, amebeba wagonjwa. Kisheria ni ya huduma za tiba za jeshi na mashirika ya Msalaba Mwekundu. Kwa hiyo anayefufua Katy hawezi kuipaka tu na kwenda nayo sokoni, inabidi aulize kwanza anaruhusiwa vipi. Huku kwetu tunaibandika kwenye duka la dawa, kwenye begi, kwenye tisheti. Siku vita ikija, tutataka mtu aiheshimu.

Halafu gari likishawaka ndipo kazi inaanza. Baridi kali, Jumapili asubuhi, mzee anakwenda bandani, anaangalia maji, anaangalia betri, anapiga grisi, analiwasha, anazunguka nalo kijiji, analirudisha. Wiki ijayo hivyo hivyo. Ndiyo maana lina miaka 80 na linatembea.

SEHEMU YA 7: Usiku ule

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane, na kituo sikitaji.

Mama wa miaka 23 amejifungua, damu haikatiki. Tumefanya yote tuliyofundishwa: tumekanda mfuko wa uzazi, dawa zimeingia, dripu mbili zinakimbia. Daktari kaandika rufaa. Simu imepigwa, kule wanatusubiri, chumba cha upasuaji kiko tayari. Tumempandisha garini. Dereva kazungusha ufunguo.

Tik. Tik. Kimya.

Ndugu zangu, mimi ni binti wa fundi. Ile sauti naijua tangu mtoto. Boneti imefunguliwa, tochi ya simu imewashwa, na vichwa vya betri vimejaa ule unga mweupe kama chokaa. Kitu cha kusafishwa na maji ya moto na brashi, dakika 5, mchana, bila hela. Usiku ule kwa tochi ya simu tukikwangua kwa kisu haikutosha, betri ilishaishiwa. Tukasukuma. Mlinzi, mume wake, shemeji yake, mimi na kandambili zangu za wodini. Tulisukuma mara tatu mpaka mteremkoni. Kuanzia ufunguo wa kwanza mpaka injini kukubali ni dakika 40.

Njiani nilipiga magoti, kama kawaida. Mkono mmoja tumboni kwake, mwingine kwenye dripu. Alikuwa ananiuliza, "Sista, mtoto amenyonya?" Nikamwambia amenyonya. Alikuwa hajanyonya, alibaki na bibi yake.

Alipona. Lakini kizazi walikitoa, damu ilikuwa imeshakwenda mno. Siwezi kukuapia kwamba zile dakika 40 ndizo zilizomnyang'anya. Siwezi pia kukuapia kwamba sizo, na ndiyo hiyo inayoniamsha.

Asubuhi nikamkuta dereva amekaa kwenye ngazi. Ni mtu mzima, ana umri wa baba yangu. Nilitaka kumlaumu, akaniwahi: "Sista, lile gari si bovu. Lile gari halijaangaliwa. Na mimi niko peke yangu, usiku na mchana." Nikakaa pale pale chini pembeni yake. Ni kweli. Sisi tulikuwa tunahesabu sindano kila zamu, tunahesabu mashuka kila zamu. Gari lenyewe, ambalo ndilo wodi yetu ya mwisho, hakuna aliyekuwa analihesabu. Tulimwachia mzee mmoja na Mungu wake.

SEHEMU YA 8: Ombi langu

Nyuma ya hospitali nyingi utakuta gari la wagonjwa juu ya mawe, halina matairi, kuku wanataga ndani. Ukiuliza, unaambiwa limezeeka. Lina miaka mingapi? Kumi na mbili. Na Katy la miaka 80 linazunguka kijiji kila Jumapili. Najua, najua, kule kuna lami, kuna vipuri, na mwenye gari ana pensheni. Barabara zetu zinaua gari, hilo nakubali. Lakini unga mweupe kwenye betri haukuletwa na barabara.

Pale kwetu tulifanya kitu kidogo. Tulimwomba mzee dereva atufundishe, na yeye ndiye mwalimu, sisi wanafunzi. Tukagawana kama lile jeshi: Jumatatu betri, Jumanne matairi na jeki, Jumatano oili na maji, Alhamisi taa na king'ora, Ijumaa mtungi wa oksijeni na machela, wikendi usafi wa ndani. Karatasi imebandikwa karibu na mlango wa gari, mwenye zamu anatia sahihi. Na kila makabidhiano ya zamu, anayepokea anakwenda kulisikia gari likiwaka kwa masikio yake. Haambiwi "linawaka". Analisikia.

Kama wewe ni nesi, kesho asubuhi kabla ya chai nenda kalisikie gari lenu. Kama wewe ni dereva wa ambalensi, tuandikie hapa chini kitu kimoja ambacho manesi tungepaswa kukuangalizia. Kama uko kwenye kamati ya kituo, uliza tu: mara ya mwisho betri ilisafishwa lini? Na kama babu yako alikuwa Keya akaenda Bama, niambie alikuwa anasimulia nini kuhusu majeruhi. Nakusanya.

Wiki ijayo tutaongea habari za meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 ikiwa na askari wa Afrika Mashariki na manesi ndani yake, haikufika Colombo. Andaeni leso.

Jana usiku saa nane tulipata rufaa nyingine. Mzee akazungusha ufunguo, likawaka mara ya kwanza. Hakuna aliyesema kitu, tukapanda, tukaondoka.